Kizza Besigye: Daktari wa msituni aliyegeuka mpinzani wa serikali aliyoisaidia kutwaa mamlaka

WARREN Kizza Besigye Kifefe alikuwa daktari wa Yoweri Museveni msituni, waziri katika serikali yake ya kwanza na kanali katika jeshi lake. Kisha akawa mpinzani wake mkuu katika chaguzi nne za urais nchini Uganda: 2001, 2006, 2011 na 2016. Kwa mujibu wa matokeo rasmi, hakushinda hata moja.

Kwa Wakenya, kisa chake si cha nchi ya mbali. Chai ya Uganda huuzwa katika mnada uo huo wa Mombasa unaouza chai ya Kericho na Bomet, na mkazi wa Longisa anayefika Kisumu huwa yuko karibu zaidi na mpaka wa Busia kuliko na jiji la Nairobi. Lakini kuna sababu kubwa kuliko ujirani. Nairobi imejitokeza katika maisha ya Besigye mara tatu: kwanza kama kimbilio, kisha kama mahali pa matibabu, na mwisho kama mahali alipotekwa nyara.

Alizaliwa Aprili 22, 1956 katika wilaya ya Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda. Ni eneo la vilima, migomba na mifugo, na wilaya jirani ya Kanungu, iliyomegwa kutoka Rukungiri mwaka 2001, hukuza majani chai kama ilivyo Kericho. Wazazi wake walifariki angali mdogo. Alisomea shule za Rukungiri na Mbarara, kisha Kitante jijini Kampala na Kigezi High School, na mwaka 1975 akajiunga na Chuo Kikuu cha Makerere kusomea udaktari. Hiyo ilikuwa miaka ya Idi Amin, wakati ambapo wahadhiri wengi na madaktari walikuwa wakitoroka nchi. Alifuzu mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Amin kung'olewa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ndio uliomwingiza katika siasa. Alikuwa mfuasi wa chama kipya cha Uganda Patriotic Movement (UPM) kilichoongozwa na Museveni. UPM kilipata kiti kimoja tu bungeni, naye Milton Obote wa UPC akarejea Ikulu huku wafuasi wa chama cha DP wakilalamika kwamba ushindi wao umeibwa. Mnamo Februari 6, 1981, Museveni na kikundi kidogo cha watu wenye bunduki chache walishambulia kambi ya kijeshi ya Kabamba. Vita vya msituni vikaanza.

Besigye hakuingia msituni siku hiyo. Alikuwa kijana mwenye kazi ya kuheshimika, na huenda angebaki hospitalini kama serikali ingemwacha. Alikamatwa kwa kushukiwa kuwaunga mkono waasi, akazuiliwa Nile Mansions, hoteli iliyogeuzwa kituo cha maafisa wa usalama ambako Waganda wengi waliteswa. Jumba hilo leo ni hoteli ya kifahari ya Serena jijini Kampala. Alipoachiliwa alivuka mpaka na kuingia Kenya, akafanya kazi ya udaktari katika Hospitali ya Aga Khan, Nairobi.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Longisa ni mji unaofahamika Bomet nzima kwa sababu ya hospitali yake ya rufaa, na wakazi wake wanajua thamani ya daktari mmoja zamu ya usiku. Daktari kijana aliyekwisha kupata kazi katika hospitali kubwa ya kibinafsi jijini Nairobi alikuwa amefika mahali ambapo wengi hawaondoki. Besigye aliondoka. Mnamo 1982 alirudi Uganda kwa siri na kujiunga na jeshi la National Resistance Army (NRA) katika misitu ya Luweero, kaskazini mwa Kampala.

Kazi yake huko ilikuwa kuwatibu majeruhi na wagonjwa katika kambi zilizohamahama, dawa zikiwa haba na adui akiwa karibu. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo Museveni mwenyewe. Daktari wa kiongozi husikia na kuona mengi, na bila shaka huko ndiko uhusiano wao ulikojengeka. Katika NRA pia alikuwamo Winnie Byanyima, mhandisi wa ndege aliyesomea Uingereza. Yeye na Besigye walifunga ndoa mwaka 1998 na kujaliwa mtoto mmoja wa kiume. Byanyima baadaye aliongoza shirika la Oxfam International, na mwaka 2019 akateuliwa kuongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi, UNAIDS.

Obote alipinduliwa na majenerali wake Julai 1985. Serikali ya kijeshi ya Jenerali Tito Okello ilitia saini mkataba wa amani na NRA jijini Nairobi mnamo Desemba 17 mwaka huo, Rais Daniel arap Moi akiwa msuluhishi. Mkataba huo haukudumu. Januari 26, 1986, NRA iliteka Kampala, na siku tatu baadaye Museveni akaapishwa huku akiwaahidi wananchi mageuzi ya kimsingi badala ya kubadilishana walinzi tu.

NDANI YA SERIKALI

Besigye alikuwa hajatimiza miaka 30. Aliteuliwa waziri mdogo wa Masuala ya Ndani, baadaye akahamishiwa Ofisi ya Rais na kufanywa Kamisaa wa Siasa wa Kitaifa. Katika wadhifa huo, kazi yake ilikuwa kueneza mafundisho ya Vuguvugu, mfumo ambao vyama vilikatazwa kufanya kampeni na kila mgombea alisimama kama mtu binafsi. Wakosoaji wake hawajaacha kumkumbusha jambo hilo. Aliyekuja kudai vyama vingi ndiye aliyewahi kulipwa kueleza kwa nini vyama havifai.

Alirudi katika kazi za jeshi mwaka 1991, akaongoza kikosi cha vifaru na magari ya kivita huko Masaka, kisha akawa mkuu wa ugavi na uhandisi wa jeshi. Mnamo 1994 alikuwa mmoja wa wawakilishi wa jeshi katika Bunge Maalum lililotunga Katiba ya 1995. Katiba hiyo iliweka ukomo wa mihula miwili kwa rais. Katika vikao hivyo ndimo tofauti zake na wakubwa wake zilipoanza kuonekana hadharani, kwani alipinga mapendekezo ya kuurefusha mfumo wa Vuguvugu.

Mnamo Novemba 1999 aliandika waraka akieleza, kwa macho ya mtu aliye ndani, jinsi serikali ya NRM ilivyoupoteza msingi mpana wa kitaifa iliyoanza nao. Alidai kwamba ufisadi umekita mizizi, kwamba Vuguvugu limegeuka chama kimoja kwa jina jingine, na kwamba maamuzi yamebaki mikononi mwa wachache. Serikali haikuyajibu mashtaka hayo moja baada ya jingine. Ilisema kwamba afisa wa jeshi ametumia jukwaa lisilofaa na kutishia kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi. Baada ya mvutano wa miezi mingi aliruhusiwa kustaafu, na Oktoba 2000 akatangaza kuwania urais.

Mshangao wa wengi ulieleweka. Wapinzani wa awali wa Museveni walikuwa watu wa vyama vya zamani vya UPC na DP, ambao ilikuwa rahisi kuwaita masalia ya enzi mbaya. Besigye hakuweza kuitwa hivyo. Alitoka magharibi kama Museveni, alikuwa amelala kwenye matope ya Luweero, na alijua siri za nyumba. Mtu wa ndani akigeuka, maneno yake huwa na uzito ambao mtu wa nje hawezi kuupata.

MAHAKAMANI NA UHAMISHONI

Uchaguzi wa Machi 12, 2001 uligubikwa na ghasia. Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 69.3, Besigye akipata 27.8. Alikwenda Mahakama ya Juu. Majaji watano walikubaliana kwamba sheria za uchaguzi zilikiukwa, lakini watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba makosa hayo hayakubadilisha matokeo kwa kiwango cha kuufuta uchaguzi. Miezi michache baadaye, Agosti 2001, alitoroka nchi akisema anahofia maisha yake. Aliishi Marekani, kisha Afrika Kusini, kwa jumla ya miaka minne.

Akiwa ughaibuni, makundi ya upinzani yaliungana mwaka 2004 na kuunda chama cha Forum for Democratic Change (FDC). Mwaka uliofuata mambo mawili yalifanyika Kampala karibu kwa pamoja: Bunge liliondoa ukomo wa mihula katika Katiba, na kura ya maoni ya Julai ikarejesha vyama vingi. Wengi waliona hilo kama biashara ya kubadilishana, wananchi wakipewa vyama na rais akipewa muda.

Besigye alirejea Oktoba 26, 2005 na kupokewa na umati mkubwa. Hazikupita wiki tatu kabla ya kukamatwa, Novemba 14, na kushtakiwa kwa uhaini na ubakaji. Upande wa mashtaka ulidai kwamba alihusika na kundi la waasi lililoitwa People's Redemption Army. Novemba 16, Mahakama Kuu ilipokuwa ikiwapa dhamana baadhi ya washtakiwa wenzake, watu wenye silaha waliovalia fulana nyeusi, waliokuja kujulikana kama Black Mamba, waliizingira mahakama. Washtakiwa waliona heri warudi gereza la Luzira kuliko kutoka nje. Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu wakati huo, James Ogoola, alilaani tukio hilo kwa maneno makali, na mawakili wakagoma.

Desemba 2005 aliidhinishwa kuwa mgombea angali korokoroni. Aliachiliwa kwa dhamana Januari 2, 2006, akabaki na wiki chache za kampeni ambazo nyingine alizitumia kizimbani. Hata hivyo, Februari 23 alipata asilimia 37.4 dhidi ya 59.3 za Museveni, matokeo bora zaidi aliyowahi kutangaziwa. Mahakama Kuu ilimwondolea shtaka la ubakaji mwezi uliofuata, na kesi ya uhaini ikatupwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2010. Kesi yake ya pili ya kupinga uchaguzi ilishindwa kwa majaji wanne dhidi ya watatu.

Watatu kwa wawili, kisha wanne kwa watatu. Kila mara jaji mmoja tu ndiye aliyetenganisha uamuzi uliotolewa na ule ambao ungetikisa nchi. Baada ya hapo Besigye alitangaza kwamba hatarudi tena mahakamani kudai kura. Uamuzi huo ulimgharimu, kwani uliwapa wapinzani wake nafasi ya kusema kwamba anataka fujo badala ya sheria, na baadhi ya wenzake pia waliona amefunga mlango ambao ungeweza kufunguka siku moja.

BARABARANI

Mwaka 2011 kura zake zilishuka hadi asilimia 26. Serikali ilidhani amekwisha. Lakini bei za mafuta na vyakula zilipanda sana miezi hiyo, sawa na zilivyopanda Kenya, na mnamo Aprili Besigye alianza kampeni ya kutembea kwa miguu kwenda kazini. Haikuwa maandamano kwa maana ya kawaida: mtu anatoka nyumbani kwake Kasangati na kutembea kuelekea mjini kwa kuwa nauli imemshinda. Polisi hawakujua wafanye nini na mtu anayetembea, wakaamua kumkamata. Alijeruhiwa kidole kwa risasi ya mpira Aprili 14. Aprili 28 maafisa wa usalama walivunja kioo cha gari lake kwa kitako cha bastola na kumpulizia kemikali ya pilipili machoni. Picha za tukio hilo zilizunguka dunia nzima.

Alisafirishwa hadi Nairobi kutibiwa, karibu miaka 30 tangu alipofika humo kama mkimbizi. Alipotaka kurudi nyumbani alizuiwa kwanza kuabiri ndege. Alifika Entebbe Mei 12, siku ile ile Museveni alipokuwa akiapishwa, na msafara wa wafuasi waliojipanga barabarani kumpokea ukashindana na sherehe za Ikulu.

Mnamo 2012 aliacha uongozi wa FDC kwa hiari kabla ya muda wake kwisha, jambo ambalo ni nadra katika siasa za eneo hili, na Meja Jenerali mstaafu Mugisha Muntu, mwenzake wa msituni, akachaguliwa. Sifa hiyo aliipunguza mwenyewe. Mwaka 2015 alirudi kinyang'anyironi, akamshinda Muntu katika mchujo wa chama na kuwania urais kwa mara ya nne. Wanaomtakia mema walisema hakuna mwingine mwenye mvuto kama wake. Wengine walijiuliza ni vipi anayemlaumu rais kwa kung'ang'ania anaweza kugombea bila kikomo.

Uchaguzi wa Februari 18, 2016 ulimpa asilimia 35.6 dhidi ya 60.6. Alizuiliwa nyumbani kwake Kasangati katika siku ambazo sheria inaruhusu kuwasilisha malalamiko mahakamani. Mei 11 alionekana kwenye video akila kiapo cha urais, kiapo cha kuigiza kilichoichukiza serikali mno. Alisafirishwa hadi Moroto, Karamoja, na kushtakiwa tena kwa uhaini, kisha akaachiliwa kwa dhamana Julai. Hakuwania mwaka 2021, na nafasi ya mpinzani mkuu ikachukuliwa na mwanamuziki Robert Kyagulanyi, maarufu Bobi Wine, aliyezaliwa Besigye akiwa tayari daktari.

Historia ya Afrika ina watu wa namna hii, na njia zao hazifanani. Hapa Kenya, Bildad Kaggia alifungwa pamoja na Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria kwa madai ya kuongoza Mau Mau, kisha mwaka 1966 akamwacha na kujiunga na KPU ya Jaramogi Oginga Odinga. Alipoteza kiti chake mwaka huo huo na kufungwa tena mwaka 1968, safari hii na serikali ya wenzake. Afonso Dhlakama wa Msumbiji aligombea urais mara tano baada ya mkataba wa 1992, lakini alibaki na wapiganaji wake na akarudi kwenye milima ya Gorongosa mambo yalipomwendea kombo, hadi kifo chake Mei 2018. Besigye hakuwa na jeshi la kurudia. Silaha alizozisaidia kuingia Kampala zilibaki kwa yule aliyemtibu.

KISUMU, NAIROBI, MAKINDYE

Julai 2024, wanachama 36 wa tawi la FDC linalomuunga mkono Besigye walikamatwa Kisumu, walikokwenda kuhudhuria mafunzo, wakasafirishwa hadi Uganda na kushtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Kwa watu wa Kericho na Bomet, Kisumu ni mji wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Habari hiyo haikupewa uzito uliostahili, labda kwa sababu Kenya yenyewe ilikuwa katikati ya maandamano ya vijana kuhusu mswada wa fedha.

Miezi minne baadaye ilikuwa zamu ya kiongozi wao. Novemba 16, 2024 Besigye alikuwa Nairobi kwa ajili ya uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa Martha Karua. Yeye na mwenzake Obeid Lutale walitoweka. Siku nne baadaye walionekana mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala, wakishtakiwa kwa kumiliki bastola kinyume cha sheria na kutafuta msaada wa kijeshi nje ya nchi, mashtaka waliyoyakanusha. Hakukuwa na ombi la kumhamisha mshukiwa lililopitia mahakama yoyote ya Kenya, ingawa ndiyo njia ambayo sheria imeweka. Serikali ya Kenya ilisema mwanzoni kwamba haikuhusika. Mei 2025, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alikiri kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda katika suala hilo.

Swali ambalo mkasa huo ulizua ni zito kwa Kenya kuliko kwa Uganda. Katika miaka ya Obote, Mganda aliyevuka Busia au Malaba alijua kwamba walau amefika. Hata serikali ya Moi, ambayo haikuwa rafiki wa wapinzani wake wa nyumbani, iliacha daktari mtoro kutoka Kampala afanye kazi katika hospitali ya Nairobi. Mwaka 2024, mwenye umri wa miaka 68 na pasipoti yake, hakuwa na hakika hiyo.

Martha Karua alikwenda Kampala kuongoza mawakili wake, akanyimwa kibali cha muda kwanza na baadaye akakipata. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, katika kesi iliyoanzishwa na aliyekuwa mbunge wa FDC, Michael Kabaziguruka. Besigye hakuachiliwa. Aligoma kula Februari hadi afya yake ikazorota, na Februari 21 akafikishwa katika mahakama ya kiraia ya Nakawa kwa shtaka la uhaini, ambalo adhabu yake nchini Uganda inaweza kuwa kifo. Mei mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mpya inayoruhusu raia kufikishwa tena mbele ya mahakama za kijeshi kwa masharti fulani. Agosti 2025, Mahakama Kuu ilimnyima dhamana kwa mara nyingine, naye akarudishwa Luzira.